Zamu ya Kuugua

Kila asubuhi mwezi ule wa Agosti, kabla chai haijachemka, Mama Exaucée aliwauliza wanawe kama kuna anayeumwa. Aligusa paji la uso la Exaucée, akagusa la Darlène, kisha akamwinua kidevu Bienfait mdogo ili amtazame macho. Wote walikuwa wazima kama vigongo. Basi mama alishusha pumzi ndefu, na wewe msomaji ungedhani ni pumzi ya shukrani. La hasha. Mama alikuwa amesikitika.

Usimhukumu haraka. Nabintu, ndilo jina lake mwenyewe ingawa mtaa mzima wa Kansanga ulimwita Mama Exaucée, aliwapenda watoto wake kupita kiasi. Alitoka Bukavu, Kongo, amembeba Exaucée mgongoni, akafika Kampala hana kitu, na tangu hapo aliwalea kwa biashara ya vitenge. Alivipanga begani saa mbili asubuhi, akavipitisha nyumba hadi nyumba kando ya barabara ya Ggaba mpaka visigino vikawaka moto. Mumewe alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja. Exaucée, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyevikunja vitenge kila asubuhi, vya rangi nzito chini na vya kung'aa juu, maana mteja hununua kwa macho kwanza.

Sasa mama apendaye watoto hivyo anasikitikaje wanapokuwa wazima? Hapo ndipo pana kisa.

Miaka miwili nyuma, Bienfait alipata malaria kali, akalazwa siku nne. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mtaji wote wa vitenge ulibaki hospitalini. Mama akaapa kwamba hatakamatwa tena hivyo. Alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda katikati ya mji kwenye kampuni moja ya bima, akamkuta kijana aliyefunga tai. Kijana yule alimweleza kwa adabu kwamba bima ya bei nafuu kuliko zote ni shilingi laki nne kwa kichwa kwa mwaka, na tena ugonjwa ulioanza kabla ya kujiunga haulipiwi. Nyumbani kulikuwa na vichwa vitano. Mama alishukuru, akanywa maji aliyopewa, akatoka.

Hakukata tamaa, akaendelea kuuliza. Siku moja ya Jumapili, wanawake wa Kikongo wa kikundi chao kiitwacho Tuinuane walipokuwa wamekaa uani kwa kanisa baada ya ibada, alikuja muuguzi wa zahanati ya mtaani. Jina lake Rehemah, mwanamke wa Kinubi ambaye Kiswahili alikuta kikisemwa nyumbani tangu kwa babu yake aliyekuwa askari. Watu walimwita musawo, kama Kampala inavyowaita wote wanaotibu. Musawo Rehemah aliwaeleza habari za Mfuko wa Afya. Kila mtu wa nyumba hulipiwa shilingi elfu thelathini kwa mwaka. Akiugua, atatoa elfu tatu tu mlangoni, na gharama iliyobaki italipwa na Mfuko, hata kama ni ugonjwa aliozaliwa nao.

Masharti yalikuwa mawili. Nyumba iandikishwe yote, wazima na wagonjwa, asiachwe mtu. Na kikundi kisipungue nyumba kumi na tano, kwa sababu wakipungua hapo Mfuko hauwezi kuwabeba. Wanawake ishirini waliandikisha nyumba zao siku ile ile.

Ila walisikia kwa masikio ya likelemba. Likelemba ni mchezo wao wa kutoleana fedha, na waliutoa Kongo pamoja na watoto na masufuria. Kila wiki wote huchanga, na jungu lote huchukuliwa na mmoja. Wiki ijayo huchukua mwingine, na hivyo hivyo mpaka wote wameonja. Katika likelemba hakuna anayetoa bila kupokea. Labda zamu yako ichelewe, lakini itafika, na isipofika ujue kuna mwizi.

Basi Mama Exaucée alilipa laki moja na nusu yake, akakaa kungoja zamu. Akangoja Krismasi, akangoja Pasaka. Watoto hawakukohoa wala kuharisha. Mumewe alimwambia amshukuru Mungu, naye akajibu kwamba yeye humshukuru Mungu kila siku, shida yake ni hiyo laki moja na nusu. Sasa mwaka wa Mfuko ulikuwa unaisha Jumamosi, na Jumapili kikundi kingekutana kulipia mwaka mwingine. Wenzake sita nao walikuwa wakinung'unika hivyo hivyo, kwamba wametoa na hawajala, na kwamba hawatoi tena.

Exaucée aliwasikia, akapiga hesabu ya kichwa. Ishirini toa saba ni kumi na tatu. Kikundi kingeanguka chini ya kumi na tano, na jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa Heritier.

Heritier alikuwa mtoto wa jirani yao, wa miaka kumi, mwembamba, mcheshi, bingwa wa kuiga sauti za walimu. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaofanya chembe zake zipinde na kuziba njia, hapo mifupa humuuma kiasi cha kushindwa kusimama. Baba yake hakujulikana alipo tangu vita vya Kongo. Mama yake, Julienne, alisuka nywele za watu kwa malipo ya siku. Kabla ya Mfuko, kila Heritier aliposhikwa, Julienne aligonga milango ya majirani akiomba, na siku nyingine alirudi mikono mitupu. Kadi ya Mfuko ikifa, mlango wa zahanati utafungwa tena kwa Heritier, na hilo Exaucée alilijua vizuri.

Jumanne jioni alimwambia mama yake neno hilo. Mama akasema kuna njia ya kumfaa Heritier na kuwafaa wao pia: wapate zamu yao kabla ya Jumamosi. Wakishaipata, yeye atalipia mwaka mwingine kwa moyo mweupe, na wale sita atawavuta. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu wa kuugua tumbo.

"Lakini mama, mimi siumwi tumbo," Exaucée alisema.

"Najua huumwi. Utaumwa kesho," mama akajibu. "Huo si wizi, mwanangu. Ni zamu yetu."

Exaucée alilala nalo neno hilo. Upande mmoja wa moyo ulimwambia huo ni uongo, na uongo ni uongo hata ukivalishwa kitenge kipya. Upande mwingine ulimwambia kwamba kwa uongo huu mdogo, kadi ya Heritier itapona. Shule zilikuwa zimefungwa, hakuwa na pa kukimbilia. Kulipokucha alikuwa amekubali.

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne. Kimoja alikilalia mzee aliyetundikiwa maji, cha pili mama mjamzito, cha tatu mtoto wa malaria. Mama alitoa elfu tatu mlangoni, akaonyesha kadi. Musawo Rehemah alimlaza Exaucée kwenye kitanda cha nne, akaanza kumbonyeza tumbo polepole, akiuliza panauma wapi. Exaucée alisema hapa. Alipobonyezwa upande wa pili akasema na hapa pia. Mara maumivu yakawa juu, mara yakahamia chini upande wa kulia.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini musawo yule hakuwa mtu wa kumdhania mtoto vibaya. Alikunja uso kwa wasiwasi. Maumivu ya chini kulia, alimweleza mama, huenda yakawa kidole tumbo, na kidole tumbo kikipasuka mtoto anaweza kufa. Akaagiza damu ipimwe na mkojo upimwe, na Exaucée asishuke kitandani mpaka majibu yatoke. Ikibidi atapelekwa hospitali kubwa kupigwa picha ya tumbo. Gharama zote ni za Mfuko.

Mama Exaucée aliposikia hivyo uso ulimng'aa. Akauliza kama macho nayo yanaweza kupimwa wakati wakingoja, na kama kuna dawa ya minyoo ya kuwapelekea waliobaki nyumbani. Exaucée alifumba macho kwa aibu. Sindano ilimchoma kidole, nayo ilikuwa sindano ya kweli.

Alikuwa bado amelala hapo, akihesabu mabati ya dari, ndipo Julienne alipoingia anahema. Alikuwa amembeba Heritier mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa wa miaka kumi, miguu ikining'inia. Heritier hakulia. Alikuwa ameuma ukosi wa shati lake, na jasho lilimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Siku hiyo hakuwa na sauti ya mwalimu wala ya mtu yeyote.

Musawo Rehemah alitazama vitanda vyake vinne, kimoja kimoja. Akatandika shuka kwenye benchi la mbao, wakamlaza Heritier hapo. Benchi lilikuwa jembamba, na kila alipojigeuza mfupa uligonga ubao, akaguna. Nguzo ya kutundikia maji nayo ilikuwa imefungwa kitandani kwa Exaucée, tayari kwa ajili yake.

"Vumilia kidogo, Mama Heritier," musawo alisema. "Huyu binti siwezi kumwinua kabla ya majibu. Tumbo lake linanitia hofu."

Exaucée alisikia neno lile, huyu binti, na akajua ni yeye. Alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama sakafu, midomo imebana, na mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Hakumpa ishara ya kusema, wala hakumpa ishara ya kunyamaza. Akisema, mama ataaibika mbele ya watu, na zamu itakuwa imepotea. Asiposema, Heritier ataendelea kugonga ubao. Alishusha miguu chini.

"Musawo, mpe Heritier kitanda," alisema. "Tumbo langu haliumi. Halijauma hata kidogo tangu asubuhi."

Musawo Rehemah alimtazama kwa kitambo kidogo. Alimwinua Heritier, akamlaza, akamtundikia maji, akampa dawa ya maumivu na kumfunika blanketi zito, kwa sababu baridi ni adui wa selimundu. Ilipita kama nusu saa. Ukosi wa shati ukatoka mdomoni, macho yakalegea, mtoto akalala. Hapo ndipo musawo alipowaita Exaucée na mama yake katika chumba kidogo cha dawa, akarudisha mlango.

Mama angeweza kusema mtoto huyu ni mtundu, ameidanganya zahanati na mzazi wake pia. Watu wazima wengine wangesema hivyo. Nabintu hakusema.

"Mimi ndiye niliyemtuma, musawo," alisema. "Mtoto hana kosa."

Kisha machozi yakamlenga, na yote aliyoyafungia mwaka mzima yakatoka. Alieleza jinsi alivyotembea juani kupata laki moja na nusu ile. Alisema wenzake wamekuja hapa wametibiwa, yeye hajala hata kidonge kimoja. Kama ni likelemba ya kweli, basi aambiwe zamu yake ni lini, na kama si ya kweli aambiwe nani amemla.

Musawo Rehemah alikaa juu ya katoni ya dawa. Polepole alianza kuelewa, na alipoelewa alitikisa kichwa akasema sehemu ya kosa ni yake. Aliwaeleza wanawake bei, hakuwaeleza fedha zinakwenda wapi. Akachukua muda wake sasa. Mfuko si likelemba, alisema. Katika likelemba kila mtu hurudishiwa alichotoa. Katika Mfuko, wote wanatoa, na hupokea yule tu aliyepatwa. Ndiyo maana bei ni elfu thelathini badala ya laki nne: wengi wanatoa, wachache wanaugua. Siku wote watakapokuja kula zamu zao, wagonjwa na wasio wagonjwa, bei itapanda mpaka elfu tisini au zaidi, na atakayeshindwa wa kwanza ni yule mnyonge mwenye mgonjwa wa kila mwezi.

"Sasa yangu ilikwenda kwa nani?" mama aliuliza, si kwa hasira tena.

Musawo alisema hilo hawezi kumwambia, kwa kuwa habari za mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Wakati huo huo mlango ulisukumwa taratibu. Julienne alikuwa amekuja kuomba maji ya kunywa, akayasikia yote.

"Siri yangu naitoa mwenyewe," alisema. "Mama Exaucée, zamu yako tumeila sisi."

Akasimama pale pale mlangoni, akaeleza. Mwaka huu Heritier ameletwa zahanati mara kumi na moja. Mara mbili alipelekwa hospitali kubwa akaongezewa damu. Kila mara yeye alitoa elfu tatu, akarudi na mtoto hai, na kila mara alipiga magoti akashukuru, ila hakujua ashukuru nani. Alidhani Mfuko ni sanduku la wazungu fulani.

"Kumbe ni vitenge vyako," alisema. "Kumbe kila ulipopita hapa mlangoni na mzigo wako begani, ulikuwa unamtembelea mwanangu. Aksanti, dada. Aksanti sana."

Mwaka mzima Mama Exaucée alikuwa ametafuta aliyemla, na sasa aliyemla alikuwa amelala nyuma ya ukuta huu, anapumua vizuri. Alijaribu kukasirika, akakuta hasira haipo. Badala yake alisikia kitu kama furaha, furaha nzito inayotaka kulia. Alimkumbatia Julienne, wakalia wote wawili, na musawo Rehemah akajifanya anahesabu vidonge.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mama alimshika Exaucée mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu binti aanze darasa la tatu. Alimwambia kwamba asubuhi ile alimfundisha uongo, na kwamba mtoto ndiye aliyemrudisha mama njiani. Akamwomba msamaha. Exaucée akasema tu kwamba hata yeye alikubali. Moyo wake ulikuwa mwepesi sana.

Jumapili uani kwa kanisa palikuwa na maneno. Wale sita walikuja wameshafunga shauri la kutoka, na walimtegemea Mama Exaucée awe mbele. Alisimama. Alisimulia kisa chote mwanzo hadi mwisho, na hakujipunguzia hata kidogo. Akaeleza hata ile dawa ya minyoo. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipofika kwenye benchi la mbao, hawakucheka tena. Mmoja wao, ambaye mumewe ni mwendesha boda, alisema anaelewa sasa, lakini elfu thelathini kwa watu saba kwa mpigo haiwezi. Hapo likelemba yenyewe ikapata kazi: walikubaliana kwamba jungu la kwanza la kila duru lilipie Mfuko kwa nyumba zilizopungukiwa, nazo zitarudisha kidogo kidogo. Nyumba kumi na tisa zikabaki. Iliyotoka ni moja tu, na ilikuwa inahamia Nateete.

Musawo Rehemah, aliyekuja na daftari lake, aliombwa aseme neno. Aliwageukia zaidi watoto waliokuwa wamekaa kwenye mkeka.

"Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Ukimtazama mwenzio amebeba, unaona kama si kitu. Mtue mwenzio mzigo wake kidogo, uweke begani kwako, ndipo utajua uzito wake. Bima ni watu wengi kuamua kuubeba pamoja kabla haujaanguka. Lakini kazi hiyo inataka ukweli. Mzima akijifanya mgonjwa, mgonjwa wa kweli hukosa pa kulala. Exaucée alilijua hilo kabla sijalisema."

Watu walimgeukia Exaucée, naye akatazama vidole vyake vya miguu. Heritier, aliyekuwa amefunikwa shali ya mama yake hadi masikioni, alimnong'oneza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba amefaulu. Exaucée akacheka hadi machozi yakamtoka.

Ilipofika zamu ya Mama Exaucée kwenye daftari, musawo alimuuliza aandike watu wangapi. Alisema watano, wote wazima, akaweka noti zake mezani na kuzinyoosha kwa kiganja.

"Na mwakani nikija hapa sijala kitu," alisema, "tafadhali, musawo, usinipe pole. Nipe hongera."